Saa Tatu na Dakika Arobaini

Siku ya kupakia abiria, mlango wa bafe huwa kama kisima siku maji yanaporudi. Watu elfu mbili wameingia melini asubuhi, mizigo haijafika vyumbani, na kila mmoja anaona njaa yake ndiyo kubwa. Pale mlangoni, kando ya masinki manne, alisimama msichana mwembamba mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, nywele amezibana kwa kibanio cha bluu. Kazi yake ilikuwa neno moja tu: mikono. Hakuna aliyeingia kula bila kunawa mbele yake. Wenzake walimwita Dada Sabuni, na jina alilopewa kwao lilibaki kwenye kitambulisho.

Siku hiyo lifti ya jikoni ilikuwa imekwama, ndiyo maana kijana mmoja mpana wa mabega akatokea kwenye mlango wa abiria, sinia la mikate ya moto begani, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Mikono, kaka."

"Mikono gani tena, dada? Huoni imebeba?"

"Tua, unawe, ubebe."

"Hii mikono imekanda unga tangu alfajiri. Ni safi kuliko roho yangu."

"Basi lete na roho. Sabuni ipo ya kutosha."

Foleni nzima ikacheka. Bibi mmoja mwenye kofia pana ya majani, aliyeegemea mkongojo, akasema, "Nawa, baba. Anayekuambia nawa anakutakia uhai."

Akatua sinia, akanawa. Dada Sabuni akamhesabia kwa sauti mpaka ishirini.

"Hiyo kumi na tisa umeivuta," kijana akalalamika.

"Ulikuwa na unga kwenye kucha."

Hivyo ndivyo Fundi Mkate alivyonaswa, na hakujitahidi sana kujinasua.

Mapenzi ya watumishi wa meli hulelewa kwenye pembe. Vyumba vyao viko chini kabisa, havina dirisha, wanalala wanne wanne, na mtu hujua kumekucha kwa sababu king'ora cha mwenzake kimelia. Viti vya abiria hawakalii, na kwenye lifti za abiria hawapandi. Bahari yote ile imewazunguka, na mtu hana pa kwenda. Hawa wawili walikuwa na kituo chao, kikanyagio cha ngazi kati ya sitaha ya pili na ya tatu, na dakika kumi kila alasiri. Fundi Mkate alimletea kishina cha mkate, ile ncha ngumu ambayo wengine huiacha, kwa sababu siku moja tu aliwahi kumsikia akisema anaipenda. Alikuwa anaifunga kwenye karatasi safi, kingo amezikunja kama bahasha.

Na kulikuwa na simu ya ukutani.

"Bafe, habari za asubuhi."

"Naulizia sabuni, dada. Ile yenye harufu ya machungwa."

"Imekwisha."

"Na muuzaji?"

"Muuzaji yuko kazini, mpenzi. Kata simu kabla sijafukuzwa."

"Nikikata nitaungua."

"Mikate ndiyo itaungua. Kata!"

Miezi saba ikapita namna hiyo. Mkataba wa Dada Sabuni ulikuwa unaisha. Jumatatu meli ingetia nanga, naye angeshuka arudi kwa mama yake, na baada ya hapo kampuni ingempeleka meli yoyote iitakayo. Wapenzi walio kwenye meli mbili tofauti wanaweza kukaa miaka miwili bila kuonana, wanapunga mkono tu kwenye bandari za watu. Kila mmoja wao alilijua hilo, na hakuna aliyelitaja.

Katika safari hiyo ya mwisho, bibi wa kofia alikuwa amerudi. Alisafiri na meli hiyo mara nyingi mpaka akapewa kadi ya dhahabu ya wageni wa kudumu, na asubuhi alipenda kusimama karibu na masinki akiwaelekeza wageni wapya kana kwamba wamefika nyumbani kwake.

"Siku ya kwanza msikanyagane hapa, wanangu. Ukumbi wa chini hauna mtu, mnaletewa chakula mezani, na gharama yake mlishailipa kwenye tiketi. Chai ya asubuhi huletwa chumbani ukiiagiza jioni. Kama kuna chakula kinachokudhuru, mwambie mhudumu siku ya kwanza, usingoje uvimbe mdomo. Na hiyo dawa ya kupuliza mikononi isiwadanganye, mdudu wa tumbo anaicheka. Sabuni na maji! Muulizeni huyu mjukuu wangu."

"Kweli, bibi," alijibu Dada Sabuni. "Na unaniharibia kazi, sasa nitahubiri nini?"

Ijumaa, kwenye kikanyagio chao, alimkuta Fundi Mkate ameketi, kichwa amekiegemeza ukutani. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo na midomo imempauka.

"Tumbo?"

"Nimekula vibaya tu, laazizi."

"Umetapika?"

"Kidogo."

"Kidogo mara ngapi?"

"Mbili."

"Twende kwa nesi."

Akamshika mkono. "Jumapili nitakwenda mwenyewe. Nipe kesho. Siku moja tu."

"Kesho kuna nini?"

"Usiniulize. Nipe tu."

Dada Sabuni aliijua sheria, kwa maana ndiyo iliyomlisha. Mtumishi akitapika, anafungiwa chumba cha peke yake mpaka zitimie saa arobaini na nane tangu mara ya mwisho. Leo Ijumaa, na Jumatatu yeye anashuka. Akimpeleka kwa nesi, siku zilizobaki karibu zote zinafia nyuma ya mlango. Alirudi kwenye masinki yake akiwa ameamua kunyamaza, na moyo ukamwambia wengi wamenyamaza kwa mengi zaidi.

Mara bibi wa kofia akatoka bafe, akiwa amefunga mkate mdogo wa duara kwenye kitambaa cha karatasi.

"Huu ni wa chai yangu ya saa kumi," akanong'ona kama mwizi. "Huyu mwokaji wenu ana mikono ya baraka."

Dada Sabuni akaitazama mikono ya yule bibi. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia sukari. Kijana akiharisha, kesho anakuwa na hadithi ya kuchekesha. Mtu wa umri ule anaweza kwenda moja kwa moja.

"Bibi, niachie huo mkate."

"Una nini?"

"Niachie tu, tafadhali."

Bibi alimtazama macho, akaona yanavyolengwalengwa na machozi, akamkabidhi mkate bila swali la pili. Dada Sabuni akainua simu ya ukutani, akampigia nesi.

Mikate yote ya siku hiyo ikamwagwa, meza zikasuguliwa, na watu wawili waliovaa barakoa wakamshusha Fundi Mkate kupitia ngazi za nyuma. Alipomwona Dada Sabuni amesimama pale chini, naye akasimama.

"Ni wewe?"

Angeweza kusema ni msimamizi. "Ni mimi," alisema.

"Siku moja tu nilikuomba."

Mlango ukafungwa. Kwenye kitasa wakatundika kibao chekundu: hakuna kuingia, wala kitu chochote kutoka.

Kile chumba kilikuwa hatua nne kwa tatu. Jioni hiyo Dada Sabuni alimpigia mara tano. Mara mbili simu iliita mpaka ikachoka yenyewe, mara tatu akasikia anavuta pumzi, kisha ikakatwa. Alikwenda kulala akajigeuza kwenye kile kitanda chembamba, na ukuta ukawa karibu na pua yake kuliko siku zote. Yeye naye alikuwa amefungiwa, ila mlango wake haukutundikwa kibao.

Jumamosi mchana mkuu wa ukumbi wa chakula, mzee wa tai ya kipepeo asiyecheka na mtu, akamletea kadi ndogo.

"Meza ya kumi na mbili, saa moja jioni. Watu wawili."

"Mimi? Mkuu, mimi ni mtumishi."

"Kila mtumishi ana haki ya mlo mmoja ukumbi wa abiria katika mkataba wake, yeye na mgeni wake. Wengi hawaikumbuki haki hiyo. Mwokaji aliikumbuka, amenisumbua miezi miwili apate leo, na meza ya dirishani." Akarekebisha tai. "Alisema ana neno la kukuambia, na hataki kulisemea kwenye ngazi. Nilidhani unajua."

Dada Sabuni aliketi juu ya ndoo.

"Niifute?" akauliza mkuu, safari hii taratibu.

"Usiifute."

Saa moja akapanda, amevaa gauni lake la pekee, la rangi ya zambarau, limemkaa sawasawa mabegani ila lina mikunjo ya sandukuni. Kibanio kilikuwa kilekile cha bluu. Meza ya kumi na mbili ilikuwa na kitambaa cheupe, glasi nne, na kiti mbele yake hakina mtu. Kwa mara ya kwanza katika miezi saba aliketi kula akiona nje. Abiria wakamtazama, wakajifanya hawakumtazama. Bibi wa kofia, safari hii bila kofia, akajikongoja kutoka meza yake, akalitengeneza gauni bega la kushoto lilipokunjamana, akasema, "Zambarau inakupenda, mjukuu wangu," akaenda zake. Hakuuliza kiti kile ni cha nani.

Mhudumu akaleta orodha ya vyakula, kurasa sita.

"Niletee wali mkavu," alisema Dada Sabuni. "Na ndizi mbivu. Na chai isiyo na maziwa."

"Dada, leo kuna kamba wakubwa, kuna nyama ya..."

"Wali mkavu, kaka yangu. Na kama simu ya pale mlangoni ina waya mrefu, niletee na simu."

Waya haukufika. Mkuu wa ukumbi aliona hivyo, yeye na mhudumu wakaibeba meza yenyewe, wakaisogeza hatua sita mpaka mlangoni, glasi zikilia. Kisha akageuka kukagua maua ambayo hayakuwa na kasoro.

Simu ikaita mara sita.

"Usikate," alisema Dada Sabuni. "Niko mezani. Meza ya kumi na mbili, ingawa imehama. Ninakula wali mkavu na ndizi. Wewe umeletewa nini?"

Sauti iliyokauka ikasema, "Wali mkavu na ndizi."

"Basi tunakula pamoja. Onja wa kwako."

Wakatafuna. Kila mmoja alimsikia mwenzake.

"Hauna chumvi," akasema Fundi Mkate.

"Wangu pia. Mpenzi, sikujua kuhusu meza. Lakini hata ningejua ningempigia nesi. Sitakudanganya kwa hilo. Yule bibi alikuwa na mkate wako mkononi."

"Bibi wa mkongojo?"

"Alikuwa ameufunga kwa chai ya saa kumi."

Alisikia kijiko kikiwekwa chini.

"Ameumwa?"

"Hajambo. Amekuja kunitengeneza gauni."

"Alhamdulillahi." Akavuta pumzi. "Jana nilikuchukia mpaka ukuta ukachoka kunisikiliza. Nilijiona mimi na meza yangu tu. Mikono ya watu inayopokea mkate wangu sikuiona hata mmoja. Sasa sikiliza. Leo asubuhi nesi aliniuliza nimetapika mara ya mwisho saa ngapi. Nilitaka kumwambia saa moja."

Dada Sabuni akashika waya. Hesabu aliijua. Saa moja asubuhi ya Jumamosi ingemfungulia saa moja asubuhi ya Jumatatu, na wanaoshuka hutoka saa tatu kamili. Saa mbili nzima kwenye ngazi yao.

"Ukamwambiaje?"

"Ukweli. Saa tatu na dakika arobaini."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitambaa cha abiria chenye nembo.

"Umekasirika?" akauliza yule wa chumbani.

"Nakupenda, mjinga wewe."

"Lile neno langu silisemi kwenye simu."

"Nani kakuuliza? Kula ndizi."

Jumatatu saa tatu kamili watumishi wanaomaliza mkataba walishushwa kwa mstari, masanduku mkononi. Wenzake wakapanda basi la uwanja wa ndege lililoegeshwa nje ya geti. Dereva alisema linaondoka saa nne, hangoji mtu. Dada Sabuni aliweka sanduku lake kando ya uzio wa bandari, akasimama. Saa tatu na nusu. Saa tatu na dakika arobaini. Meli ilikuwa kubwa kama mtaa, ina milango isiyohesabika, na hakuna hata mmoja uliofunguka. Dakika arobaini na tano. Hamsini. Dereva akawasha injini.

Ndipo akamwona anateremka ngazi, amekonda siku tatu, shati limefungwa vifungo vibaya, anakimbia kama mtu aliyesahau mkate kwenye tanuri. Alifika getini hana pumzi. Akanyoosha mikono.

"Mikono!" alisema Dada Sabuni.

Akasimama hapohapo, akaionyesha yote miwili, mbele na nyuma, myekundu kwa kusuguliwa.

"Nimehesabu mpaka ishirini. Kumi na tisa nimeivuta. Ndiyo maana nimechelewa." Akafungua kiganja cha kulia. Ndani kulikuwa na pete nyembamba. "Hii nayo. Nilifungiwa nayo, na nesi alikataa isitoke. Mwishowe kaichemsha dakika kumi kwenye sufuria ya vyombo vya sindano. Kasema kama ni bati itajulikana leo."

"Imejulikana?"

"Bado inang'aa. Nina mkataba wa miezi mitatu mingine kule ndani, na sijui wewe watakupeleka wapi. Mlango tukiupata leo, kesho utafungwa mwingine. Nataka tu, kila utakapofungwa, ijulikane kwamba aliye upande wa pili ni mke wangu. Utanikubali?"

Dereva akapiga honi. Abiria wa basi wakachungulia madirishani.

"Neno lenyewe ndilo hilo ulilolifungia miezi miwili?"

"Ndilo."

"Ungeniambia kwenye ngazi ningekubali tangu siku ile ya sinia." Akanyoosha kidole. "Mvishe mtu pete, baba, basi linaondoka."

Pete ikakwama kidogo kwenye kifundo, ikapita. Dakika saba walizobakiwa nazo walizimaliza hapo wamesimama, wameshikana mikono, safi yote minne, na hakuna aliyehesabu.