Sauti ya Mkalimani

Alama ya kwanza ya dole gumba ilionekana saa nne asubuhi, kwenye kikombe cha chai cha karani wa masjala ya ardhi. Wino wake ulikuwa haujakauka. Karani alidhani ni utani wa wenzake, maana ofisi ile haikukosa watu wasio na kazi. Akaosha kikombe, akaendelea kutafuta.

Alikuwa akiutafuta mkataba wa kale uliowapa wazungu bonde zima. Jumatatu wazee wa bonde walikuwa na kesi ya kudai kwamba babu zao walidanganywa, na bila mkataba ule wajukuu wao wangebaki vibarua kwenye ardhi ya babu zao. Karani aliwaahidi kwa mdomo wake mwenyewe kwamba angeupata.

Kadiri alivyofungua majalada, ndivyo alama zilivyoongezeka: mlangoni, dirishani, kisha mgongoni mwa shati lake. Chumba kikanuka wino na jasho la watu waliosimama juani, na nyuma ya makabati akasikia pumzi nyingi, nyingi mno, za watu wanaosubiri kwa adabu, hadi sauti moja ya kizee ikamnong'oneza sikioni, "Tusomee."

Ijumaa akaupata. Madole sitini na mawili, na chini yake saini ya mkalimani: babu yake mzaa baba, yule aliyesifiwa nyumbani kwamba aliwatetea watu. Nyuma, mzungu alikuwa ameandika kwamba mkalimani aliwaambia watu ni karatasi ya kuazima malisho kwa misimu miwili, wakatia dole bila fujo. Kwa kazi hiyo, mkalimani apewe nyumba ya mawe.

Karani aliishi katika nyumba hiyo hiyo na shangazi yake. Alijiona ametapeliwa tangu utotoni.

"Shangazi, babu aliwasomea nini wale watu?"

"Nyumba hii unaipenda?"

"Naipenda."

"Basi usiulize, mwanangu."

Jumatatu, mkataba ukiwa umekunjwa ndani ya shati, aliwaambia wazee, "Haupo. Nimetafuta kila mahali." Wakamshukuru kwa kujitahidi. Hilo lilimuuma kuliko matusi.

Aliporudi nyumbani, shangazi alikuwa amesimama akiutazama ukuta, mikono myeusi kwa wino hadi kwenye viwiko, akigandamiza dole juu ya dole.

"Tusomee," akasema, kwa sauti za wanaume wengi.

Karani akautoa mkataba huku akilia. Safari hii angesema kweli, hata nyumba ikipotea. Akafungua mdomo.

"Ni karatasi ya malisho tu, ndugu zangu," ikasema sauti ya babu yake.