Zawadi ya Kiatuni

Siku ya maandazi ya jamu, sherehe ya Wapolandi kabla ya Kwaresima, foleni ya soko la Jeżyce jijini Poznań ilikuwa imepinda hadi barabarani. Gracjan Malec, mpeleka barua mwenye koti la posta lililombana mabega, alimwachia nafasi yake mwanamke wa skafu nyekundu.

"Pita dada. Nawanunulia wenzangu tu, mimi na vitamu hatupatani."

Mwanamke akacheka, na wakabadilishana namba za simu. Alikuwa Bogna Wilczak, muuguzi bingwa wa ngozi na vidonda, mwalimu wa chuo kikuu hapo Poznań, aliyeandika kitabu kizima kuhusu miguu ya wenye kisukari.

Miezi kumi walipendana, ila Gracjan hakuvua soksi hata siku moja.

"Unaficha nini, wewe?"

"Vidole vibaya, mpenzi. Ukiviona utanikimbia."

Ikaja siku ya Mtakatifu Nikolai, ambayo zawadi hutiwa kiatuni. Asubuhi Gracjan alipita kwa Bogna kunywa kahawa, akaacha viatu mlangoni kama kila mgeni. Bogna akatumbukiza ufunguo wa nyumba yake ndani ya kimoja. Kumwambia kwa mdomo ahamie kwake hakuthubutu.

Saa sita mchana akampigia simu.

"Nikolai hajakuletea kitu?"

"Mimi, na uzee huu? Niache mama, nina ghorofa kumi za kupanda."

Bogna akakata simu. Kumbe, aliwaza, ameuona ufunguo na kuugeuza mzaha. Aliingia darasani amevimba kwa hasira, akawafundisha wauguzi wake kwamba mguu wenye ganzi hausemi, mgonjwa akung'ute kiatu kabla ya kuvaa.

Saa tisa Gracjan akatokea koridoni mwa chuo na maua. "Mama vidonda, mbona unanikatia simu?"

Oliwia, mwanafunzi, alikuwa akitazama sakafu. Kila hatua ya mguu wa kulia wa Gracjan iliacha alama ya damu.

"Kaa. Vua kiatu," alisema Bogna.

"Kuna nini?"

Hakujua. Hilo ndilo lililomgandisha Bogna. Alipomvua kiatu, aliona ufunguo umetoboa soksi na kuzama kwenye nyama ya wayo, na mwenyewe ameukanyaga siku nzima. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na zawadi.

"Una kisukari."

"Miaka sita. Ya ganzi sikujua, naapa. Ungeiona miguu yangu ningekuwa mgonjwa wako. Nilitaka kuwa mtu wako."

"Mjinga wewe. Na mimi mjinga, nimekuwekea mwenyewe."

"Ufunguo wa wapi?"

"Wa kwangu."

Gracjan akautazama wayo wake. "Nitakatwa mguu, Bogna?"

Swali hilo amelijibu miaka kumi na miwili, kwa takwimu. Leo takwimu zote zilimtoka. Akakishika kisigino kwa mikono miwili, akalia mbele ya wanafunzi wake.

Oliwia alikwisha kuita gari la wagonjwa, sasa alikuwa akijaza fomu. "Samahani, Mwalimu. Jamaa wa karibu, niandike nani?"

Bogna akamtazama Gracjan.

"Mwandike yeye," Gracjan alisema. "Mchumba. Akikubali."

"Andika," alisema Bogna, machozi yakimdondokea mikononi. "Halafu niletee chachi ya kidonda."