Gari Ambalo Halikuguswa na Mtu

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia haikuwa nyumba ya fujo. Mtu aliyepita pale Jumamosi ile asubuhi aliona familia ya kutamanisha. Bibi ameketi barazani, mguu wake wa kushoto umepumzishwa juu ya mto. Mkwewe, fundi cherehani, yuko dirishani anashona huku redio ikiongea peke yake. Mwanawe, mwenye nyumba na msoma mita wa idara ya maji, ameinamia injini ya gari lake na anapiga mluzi.

Majirani walimwita Mjuzi. Pasi ikiharibika, anaifungua mwenyewe. Feni ikigoma, anaifungua. Kifaa kikibakiza skrubu mbili, huzitia mfukoni na kusema kiwanda kiliweka nyingi. Watu walicheka, naye alicheka nao. Mpaka hapo hakuna ubaya wowote.

Siku hiyo gari lilikuwa linavuja oili. Mjuzi alitazama video mbili kwenye simu, akanunua gasketi mpya ya kuzuia oili isipenye na kuifunga mwenyewe. Ili afikie boliti za nyuma, aling'oa bomba nene la mpira linalopeleka hewa kwenye injini, kisha akaliziba kwa tambara ili vumbi lisiingie. Hilo lilikuwa jambo la busara. Kosa ni kwamba alipolirudisha bomba, tambara alilisahau humo ndani.

"Mama watoto, njoo usikilize," alisema akiwasha. "Hata tone halidondoki. Gereji wangeniweka wiki nzima."

Na kweli, oili haikuvuja tena.

Sasa nieleze kuhusu ule mguu. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na chini ya kidole gumba alikuwa na kidonda. Muuguzi wa kliniki alisema kisafishwe kila Jumatatu na Alhamisi bila kukosa, kwa sababu nyama iliyokufa ikiachwa inaila iliyo hai. Kliniki iko juu ya kilima, upande wa pili wa mji. Aliyempeleka siku zote ni mkwewe, kwa gari hilo hilo.

Jumatatu, kilima kilipoanza, mke wa Mjuzi alikanyaga mafuta na gari likatoa moshi mweusi, likatetemeka, likazima. Akangoja. Likawaka vizuri kabisa, likapanda hatua chache, likazima tena. Nyuma yao honi zilipigwa kama harusini. Bibi alikaa kwenye joto, mguu juu ya kiti, bandeji imeanza kulowa. Walipofika, chumba cha vidonda kilikuwa kimefungwa.

"Litazimaje wakati nimelitengeneza juzi?" Mjuzi aliuliza jioni. "Ulikanyagaje mafuta?"

"Kama siku zote."

"Basi siku zote unakosea."

"Baba watoto, sisemi kwa ubaya. Labda kuna kitu hukukirudisha sawasawa."

Mjuzi aliweka kijiko chini. "Nimeanza kushika spana hujajua hata kushika sindano. Gari ni zima. Dereva ndiye mbovu."

Alhamisi likazima tena, pale pale kilimani, na kliniki wakaikosa tena. Mkewe akataka kukodi gari.

"Mtaa mzima uone mama yangu anapakiwa gari la watu, na langu limeegeshwa hapa?" Mjuzi alisema. "Watasema nini?"

Wasomaji wangu, sentensi hiyo inanichefua kila ninapoikumbuka. Mtu mzima anaweka maneno ya majirani kwenye mzani mmoja na mguu wa mama yake, halafu mguu unaonekana mwepesi.

Hatimaye alikubali kulipeleka gereji. Njiani alimwambia mkewe, "Tukifika, kazi ya Jumamosi usiitaje. Hawa jamaa wakijua umegusa, wanakucheka." Mke akanyamaza. Alikuwa amezoea kunyamaza.

Fundi wa gereji alikuwa mzee asiye na haraka. Kabla hajagusa chochote aliuliza, "Kabla halijaanza kuzima, lilifanyiwa nini?"

"Hakuna," alisema Mjuzi. "Halijaguswa na mtu."

Fundi alipitisha kidole juu ya injini. "Mbona boliti hizi zinang'aa, mzee?"

"Mimi napenda usafi."

Fundi alimtazama mke. Mke alitazama viatu vyake.

Gari ambalo halijafunguliwa na mtu, likikosa nguvu namna hiyo na kutoa moshi mweusi, fundi huanza na moto wa plagi na mafuta. Ndivyo alivyofanya. Akabadilisha plagi. Gari likatoka gereji likiwa tulivu, likazima kilimani. Likarudi. Akasafisha pampu ya mafuta. Likazima. Likarudi tena, akaanza kukagua nyaya moja moja. Na muda wote huo Mjuzi alisimama pembeni yake, mikono nyuma, akitikisa kichwa kama mkaguzi. "Ndiyo, hata mimi nilihisi ni pampu." Alijua alichokifungua. Alijua swali aliloulizwa lilikuwa na jibu. Alimwacha mzee wa watu atafute gizani mchana kweupe.

Huku nyumbani mguu haukungoja. Kukodi gari Mjuzi bado alikataa: kila siku alisema lake litatoka kesho. Mke aliuosha kwa maji ya moto yaliyopoa, akafungua madirisha yote, lakini harufu ilikuwa imeingia mpaka kwenye mapazia. Bandeji ilitoka na ute wa kijani uliovutika kama gundi. Nzi walijifunza njia ya kuingia. Mjuzi alianza kula nje, sahani juu ya magoti, mbali na harufu hiyo.

"Mwanangu anakula wapi siku hizi?" Bibi aliuliza.

"Nje, mama. Anasema kuna upepo."

"Na wewe mbona hupigwi na huo upepo?"

Mkwewe alicheka kidogo, akageuka ukutani apanguse macho.

Siku ya kumi na mbili tangu gari lizime mara ya kwanza, mkwewe alifungua bandeji akakuta kidole gumba kimekuwa cheusi na kikavu, kama kipande cha mkaa kilichookotwa jikoni. Hakupiga kelele. Alitoka barabarani akasimamisha gari la kukodi, likaja mpaka mlangoni, majirani wakitazama.

"Fundi amesema leo linakamilika," Mjuzi alinong'ona. "Subirini mchana. Unaniaibisha."

"Shika mguu huu, tumpakie mama."

Hakuushika. Alibaki mlangoni akichomekea shati, kana kwamba alikuwa akitoka zake kazini na jambo hilo halimhusu. Dereva na mkwewe ndio waliombeba Bibi.

Hospitalini daktari hakutazama kwa muda mrefu. "Wiki mbili nyuma tungesafisha tu," alisema. "Sasa uozo umeshapanda." Mguu ulikatwa siku ile ile, chini kidogo ya goti.

Bibi alipokuwa bado amelala kwa dawa, mke wa Mjuzi alikwenda gereji. Mumewe alikuwa hapo, amekuja kuchukua gari. Mke alipita mbele yake bila kumsalimu.

"Fundi, nilikudanganya kwa kunyamaza," alisema. "Alilifungua mwenyewe, Jumamosi kabla halijaanza kuzima. Alibadilisha gasketi, na bomba la hewa alilitoa."

Fundi aliinama kwenye injini. Alilegeza vibano viwili, akaingiza vidole ndani ya bomba, akavuta. Lilitoka tambara jeusi, limelowa oili, linanuka. Gari likiwa limetulia, tambara lililegea na hewa ikapita. Gari likikanyagwa mafuta kupanda kilima, tambara lilivutwa na kuziba koo la injini.

"Dakika tatu, dada," alisema fundi. "Siku ya kwanza ingekuwa dakika tatu."

Mnadhani Mjuzi alisema nini? Alikohoa, akasema, "Huenda limeingizwa hapa hapa gereji."

Natamani ningekuwa nimelitunga hilo ili niwachukize. Mkewe aliondoka akaenda kukaa kwenye tairi kuukuu. Fundi akamwekea Mjuzi tambara mkononi.

"Haya, mzee. Tuseme ni mimi niliyeliweka. Mguu wa mama utarudi?"

Mjuzi alilitia tambara mfukoni, kama alivyozoea kutia skrubu.

Mkewe hakumdai kitu kingine. Alimwambia, "Mama anadhani ni mapenzi ya Mungu tu. Mwambie wewe mwenyewe." Ilimchukua siku tatu. Mchana wa siku ya tatu alipiga magoti kando ya kitanda akaeleza yote: tambara, majirani, swali la fundi na jibu lake.

Alipomaliza, Bibi alisema:

"Ungeniambia gari ni bovu, mwanangu, ningepanda hata toroli. Mimi nilikuwa na shida ya mguu. Shida ya majirani ilikuwa yako."

Fundisho ninalowaachia

Ndugu zangu, sisemi msishike spana. Mtu anayejaribu kutengeneza kitu chake kwa mikono yake ninamheshimu, na kusahau tambara kunaweza kumpata hata fundi wa miaka thelathini. Ninachokikataa ni kiburi kinachoficha kosa dogo mpaka linakula mwili wa mtu mwingine, halafu kinamtwika mke lawama na fundi uongo. Na sisi tunaonyamaza ili kulinda heshima ya mtu nyumbani, tujiulize heshima hiyo inalipiwa na nani.

Bado nina matumaini, kwa sababu siku hizi anayemfunga Bibi bandeji ni Mjuzi mwenyewe, na asipojua hatua inayofuata humuuliza muuguzi. Jifunzeni hilo bila kungoja kisu. Ukiwa umefungua kitu na kikaharibika, mwambie anayekusaidia: nimefungua mimi, nimegusa hapa na hapa. Utaona haya kwa dakika tatu.