Pumzi ya Chiriku

Aliyeligundua jambo lenyewe alikuwa mtazamaji mmoja tu, aliyeandika chini ya video yao: "Dada Chiriku, mbona umeshangaa kabla ya kuona?"

Chiriku alicheka. Akairudisha video nyuma na kuitazama vizuri. Upande mmoja yalikuwa matangazo ya kampuni kubwa ya mashine za michezo, na upande wa pili sura yake na ya kaka yake, wamekaa mbele ya kamera. Matangazo yalikuwa bado giza tupu. Ndipo sauti yake ikasikika, "Haa!", ile pumzi ya mshangao ambayo watu waliipenda kuliko gemu zenyewe. Pakawa kimya kidogo, muda wa mtu kumeza mate, kisha mashine mpya ikajitokeza gizani, nyembamba kama sahani, na taa yake ya buluu ikawaka.

Na midomo ya Chiriku, pale sauti iliposikika, ilikuwa imefumbwa.

"Kaka," aliita, "njoo uone kituko."

Kaka yake akaja, akainama, akatazama. "Waya huo. Sauti imetangulia picha."

"Na mdomo wangu nao?"

"Mdomo wako hutangulia kila mahali, unaujua mwenyewe."

Wakacheka wote wawili. Lakini kaka alicheka huku anatazama sakafu, na kulipokucha video ile ilikuwa imeondolewa.

Ndugu hawa walifanya kazi katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yao, kilichokuwa zamani stoo ya vyombo. Kila kampuni kubwa ilipotangaza gemu mpya, wao walikaa mezani wakatazama na kusema walichokiona: hii picha zake zimenona, ile ni gemu ya mwaka jana iliyobadilishwa kofia, hii nyingine imetangazwa tu ila kutoka haitatoka leo wala kesho. Chiriku aliitwa hivyo tangu utotoni kwa sababu ya kuongea bila kupumzika. Kaka yake, watazamaji walimpa jina la Mtabiri. Alichokisema kabla ya matangazo ndicho kilichotangazwa, mara zote, hata rangi ya pedi ya kuchezea gemu.

Walikuwa na desturi yao moja, na ndiyo iliyowapa heshima. Kabla ya kuanza waliweka viganja mezani na kusema kwa pamoja: "Macho mabichi. Hatujaona, hatujaambiwa." Chiriku aliitunza desturi hiyo kama yai. Akisikia watu dukani wanazungumzia tetesi za gemu, huziba masikio na kuondoka bila chenji. Katikati yao palikuwa na kiti kitupu cha kuwekea pedi na nyaya.

Baada ya jambo lile la video, Chiriku alianza kuona mengine. Kiti kile cha katikati, ukikiwekea mkono, kilikuwa na joto, kama kimeachwa sasa hivi. Chumba kilinuka vumbi lililopata moto, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine nzito, ya nywele zilizoungua. Alifungua dirisha. Harufu haikutoka.

Kisha mama mdogo akarudi kutoka ng'ambo. Alikuwa amepotea miaka mingi, hata simu hapigi, na siku hiyo akaingia mlangoni na sanduku lake bila kumwambia mtu. Mama alipiga kelele, akaangusha sufuria, akalia na kucheka kwa wakati mmoja. Chiriku alisimama akimtazama yule aliyembeba mgongoni utotoni. Hakuhisi kitu. Ilikuwa kama kusoma tangazo la maji kukatika.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema. "Umefika."

Mama akamvuta jikoni. "Mwanangu, una nini? Wewe uliyekuwa ukishangilia hata yai lenye viini viwili?"

"Sijui, mama. Naona kila kitu kama nilikwisha kukiona."

Mchana uliofuata alikwenda chumba cha nyuma mapema kuliko kawaida, na alipofika mlangoni akasikia kaka yake akinong'ona ndani.

"Leo chukua kidogo. Ameanza kugundua. Chukua kidogo tu, nawe niambie watatangaza nini."

Chiriku akasimama na mkono juu ya kitasa, akingoja kusikia ni nani huyo atakayejibu, na katika kule kungoja akasikia kiti cha katikati kikilia taratibu kama kinachobeba mtu mzito anayejiegemeza, akasikia harufu ya nywele zilizoungua ikipita chini ya mlango na kumpanda miguuni, kisha akasikia jibu lenyewe, dogo, la polepole, kama mtu anayeonja mchuzi na kuuona umekolea, na jibu hilo lilikuwa kwa sauti yake mwenyewe, Chiriku, sauti aliyozaliwa nayo: "Haaa."

Akausukuma mlango. Kaka alikuwa peke yake, pazia limefungwa, spika zinanguruma.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

 Kaka akakaa chini sakafuni. "Watazamaji walikuwa wanatukimbia, Chiriku. Siku moja nikasema hapa, kwa hasira tu, natamani ningejua mapema. Spika zikanijibu."

"Zikasema nini?"

"Kwamba lile lililomo ndani yake, jini sijui, litaniambia kila kitu kabla. Na lenyewe halitaki ila kile kinachokutoka wewe bila kukusudia."

"Ukakubali."

"Ni pumzi, dada yangu. Nilidhani ni hewa tu."

"Yangu," alisema Chiriku. "Ulitoa yangu. Mbona hukutoa yako?"



Mama, alipoelezwa, ndiye aliyemwita Mama Miwani, jirani aliyetengeneza miwani kwa riziki na kutibu waliosumbuliwa na majini kwa wito. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye miwani mbili: moja machoni, nyingine kichwani. Alipoingia chumbani alinusa mara moja tu na ucheshi ukamtoka.

"Huyu hakupita mlangoni," alisema kwa sauti ya chini. "Kaingilia kwenye uongo. Kila mnapoweka viganja pale na kusema hamjaambiwa, na mmoja wenu keshaambiwa, mnamvutia kiti."

"Mtoe basi, mwenzangu," alisema mama.

"Simwezi. Wa kumtoa ni huyu bwana. Aseme kweli pale pale alipodanganyia, mbele ya wale wale aliowadanganya."

"Asiposema?" Chiriku aliuliza.

Mama Miwani alimshika mkono. "Mpaka sasa anakula vidogo vidogo, mwanangu. Anangoja ule mshangao mkubwa, wa moyoni kabisa. Huo ukitoka, hakuna mwingine nyuma yake."

Kaka alilia mbele yao. "Nitasema. Kwa maziwa tuliyonyonya, Chiriku, kesho nitasema."

Chiriku alimfuta machozi kwa kanga ya mama. Alimwamini. Alikuwa kaka yake, amwamini nani tena?

Kesho yake kampuni mbili kubwa zilikuwa zinatangaza alasiri moja. Watu walimiminika kwenye chaneli yao kuliko siku yoyote. Ndugu wakakaa, kamera ikawaka, wakaweka viganja mezani. Chiriku aliona pedi iliyokuwa juu ya kiti cha katikati ikiteleza na kuanguka yenyewe.

"Kabla hatujaanza," alisema kaka, "nina neno la kuwaambia."

Chiriku akafumba macho kwa shukrani. Alikuwa akifikiri jinsi atakavyokwenda kwa mama mdogo baada ya haya, amkumbatie upya, na safari hii apige kelele mpaka majirani waje. Alingoja. Kaka alikuwa ameinua macho kwenye pembe ya skrini, pale idadi ya watazamaji ilipokuwa ikipanda, na kupanda, na haikuonyesha dalili ya kusimama, na salamu zao zikipita mbio, Mtabiri, Mtabiri wetu, leo watatangaza nini, tunakuamini wewe tu. Akalamba midomo.

"Neno lenyewe ni hili," alisema, na tabasamu likamjia. "Leo nimetabiri makubwa. Na kama kawaida yetu: macho mabichi. Hatujaona, hatujaambiwa."

Chiriku akamgeukia.

"Haa!"

Ilimtoka kabla hajajua. Ilitoka chini kabisa, ikabeba kila kilichokuwamo, na akasikia kando yake mtu akiivuta yote ndani, taratibu, mpaka ikaisha.

Skrini ilikuwa bado nyeusi.

Kisha mashine ikatokea, na gemu zake, na mji unaoelea mawinguni, na muziki mkubwa. "Ni mashine," alisema Chiriku. "Ina taa." Watazamaji walidhani ni utani, wakacheka sana.

Jioni ile alikuwa akiosha vikombe jikoni. Mama na mama mdogo walimtazama. Kutoka chumba cha nyuma sauti ya Chiriku mwenyewe ikapaa, kubwa, safi, ya hofu tupu: "Haa!"

Kila mmoja humo ndani alijua kwamba sauti ile hutangulia. Hushangaa kwanza, jambo hufuata.

"Chiriku!" kaka aliita, na mlango wa chumba cha nyuma ukatikisika kwa ndani, haufunguki. "Chiriku, ni nini? Umeshangaa nini? Dada yangu, kinakuja nini?"

Chiriku alikisuuza kikombe, akakifudikiza juu ya kitambaa kikauke, akachukua kingine.