Okhi na Maziwa ya Mashaka

Okhi na mumewe, Mansu, walilima vitunguu saumu pwani ya kusini ya Korea. Walikuwa na miaka mitatu ya ndoa bila mtoto. Hedhi ya Okhi nayo ilikuwa imekatika, lakini aliona aibu kusema.

Siku moja alikuwa akipaka kabichi ya kuchachusha pilipili na mama mkwe wake, Mama Mansu. Mara mama mkwe akamkodolea macho kifuani. Blauzi ilikuwa imelowa.

"Hayo nini?"

"Sijui, Mama."

"Maziwa hayo! Mtoto umemficha wapi?"

Tangu hapo nyumba haikukalika. Mama Mansu alipiga simu mjini Busan, Okhi alikofanya kazi zamani, akimchunguza. Mansu naye alianza kupekua simu ya mkewe.

"Kama una mtoto, sema tu," alimwambia.

"Sina! Hata wewe huniamini?"

Mansu akaendelea kupekua simu.

Nesi Boran, jirani yao, alipokuja kumpima Mama Mansu presha, mama huyo akamwaga yote. Nesi akamgeukia Okhi.

"Hedhi unapata?"

"Imekatika tangu mwaka jana."

"Na kichwa kinauma?"

"Mara nyingi."

"Basi hapa hakuna mtoto wa siri. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo. Homoni yake ya maziwa ikizidi, mwili hudhani unanyonyesha. Mayai hayapevuki, hedhi inakatika, mimba haishiki. Nenda hospitali ukapimwe damu. Mansu naye apimwe."

"Mimi?" Mansu alidakia. "Kwani natoa maziwa?"

"Mtoto hutafutwa na wawili, baba."

Mama Mansu akabetua midomo. "Manesi huwafichia watu siri. Nitakwenda nikasikie mwenyewe."

Akaenda nao kweli. Daktari alithibitisha kwamba homoni imezidi. Picha ya kichwa ilionyesha kivimbe kidogo kwenye tezi. "Si saratani," alisema. "Kina dawa. Lakini usiache vidonge bila kuniuliza." Mansu hakukutwa na tatizo.



Baada ya miezi michache hedhi ilirudi. Mwaka uliofuata Okhi akajifungua binti.

Mama Mansu alisimama mlangoni, hathubutu kuingia.

"Mwanangu, ulimi wangu ulikukosea. Utaniruhusu nimbebe?"

 Okhi akamnyooshea mtoto.

"Shika shingo vizuri, Mama."