Waya Wenye Tone la Rangi

Jioni nyumba ile yote ilikuwa hoi. Mama alirudi kutoka kiwanda cha nguo, akavua viatu mlangoni na kuketi papo hapo sakafuni. Bibi alijikongoja kwenda chooni akipapasa ukuta wa korido. Na binti wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumba nzima ilimwita Kiherehere, alijifanya anasoma.

Taa ya korido ndiyo ilikuwa habari ya wiki nzima! Ilikuwa na swichi mbili, moja mlangoni na nyingine karibu na choo, ili uwashe huku uzime kule. Sasa ukiwasha huku inagoma, mpaka mtu akimbie kule akabonyeze ya pili.

"Taa gani hii, inabembelezwa kama bibi harusi!" Bibi alisema. Lakini juzi gizani alijikwaa kwenye ndoo, na mkono wake ulikuwa bado umevimba.

Shangazi, fundi umeme, akaja moja kwa moja kutoka kazini, vumbi hadi kwenye kope.

"Wifi, maji kwanza. Leo hata kucha zimechoka."

Alipokunywa, alizima swichi kuu, akapima kwa testa, kisha akafungua swichi ya mlangoni.

"Hii kuna mtu kaigusa?"

"Hakuna, shangazi!" Kiherehere alidakia, wala hakuulizwa yeye.

Shangazi akafunga swichi mpya, kila waya pale pale alipoukuta. Akawasha swichi kuu, akajaribu. Taa ikagoma vilevile. Akashusha pumzi ndefu.

"Basi waya umekatika ndani ya ukuta. Nileteeni nyundo na tindo, tuvunje."

Ukuta ule! Baba aliupaka rangi ya kijani mwezi uliopita, Jumapili tatu mfululizo, na Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kupumzika. Shangazi akainua nyundo. Kiherehere akakimbilia mbele yake.

"Shangazi, subiri! Ni mimi."

Ikamtoka yote. Swichi ya zamani ilikuwa inakwama. Wiki iliyopita umeme ulipokatika, aliona hiyo ndiyo nafasi yake. Aliifungua kwa kisu cha mezani, akachomoa nyaya tatu, akaisafisha, kisha akazirudisha kwa kubahatisha.

Shangazi akaweka nyundo chini, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Umeme ulikatika tu, swichi kuu hukuizima? Na ungerudi vidole vyako vikiwa humo ndani?"

Mama alishika kichwa.

"Haya, kumbuka," Shangazi akasema taratibu. "Zilikaaje?"

"Mmoja ulikuwa juu peke yake, mbili chini. Wa juu ulikuwa na tone la rangi ya Baba."

Shangazi akazima tena swichi kuu, akachungulia. Waya wenye tone la kijani ulikuwa chini. Akaupandisha juu, akafunga, akawasha swichi kuu. Dakika tano tu! Bibi akaenda na kurudi, akiwasha huku na kuzima kule kama mtoto aliyepewa toi.

Shangazi akamvuta Kiherehere karibu.

"Mwanangu, umeme uliokatika ni kama mtu aliyetoka bila kuaga. Hujui anarudi saa ngapi. Swichi kuu huzimwa kwanza, tena na mtu mzima anayeijua kazi. Na ukiharibu, sema mapema. Nilitaka kubomoa ukuta wa baba yako kutafuta kosa, kumbe limekaa mdomoni mwako."

"Nisamehe, shangazi."

"Kamwombe msamaha mwenye mkono."

Kiherehere akachemsha maji, akachukua kitambaa, akaanza kuukanda mkono wa Bibi.

"Polepole," Bibi akasema, macho yakifumba kwa usingizi. "Usije ukaufungua na huu kwa kisu."