CD za Dijei, Bure

Siku waliyokutana, nusura mkono wa kijana usagwe.

Sikia ilivyokuwa. Yadi ya plastiki, saa nne asubuhi, watu wamejaa kama siafu. Huyu anaburuta gunia la chupa, yule ana mabeseni yaliyopasuka kichwani, mizani inalia kutu, na katikati ya fujo hiyo iko mashine ya kusaga. Ni kabati kubwa la chuma lenye mdomo kwa juu. Unatupia kreti zima, krrraaa, linatoka chini punje punje. Aliyesimama mdomoni mwa mashine ni msichana wa ovaroli ya bluu, kitambaa chekundu kichwani, pamba masikioni. Yadi nzima ilimwita Saga. Jina lake la kuzaliwa alilijua mama yake na karani wa mishahara, basi.

Siku hiyo Saga alikuja na mzigo wake mwenyewe, maboksi manne ya CD. Akashika ya kwanza kwa ncha za vidole kama mtu aliyemshika panya mkia, akaitupia kwenye mashine. Ya pili. Alipotupa ya tatu, mkono wa mtu ulipita mbele ya macho yake ukaifuata CD kule kule kwenye meno.

Saga hakufikiri. Aliinua buti akamtandika teke la kifua. Kijana akaruka kinyumenyume, akaangukia magunia, magunia yakapasuka, chupa zikamwagika yadi nzima. Saga akazima mashine.

"Wewe una wazimu? Unataka kusagwa?"

"Dada," kijana alisema akitafuta pumzi, "hizo... zinaimba bado!"

"Na wewe ungeimba vizuri sana, bila mkono."

Watu wakaangua kicheko. Kijana akainuka, mrefu, mwembamba, shati la maua limenyooshwa vizuri ila sasa lina alama ya buti katikati. Alikuwa fundi wa redio, ana kibanda sokoni, na kwa umbo lake lile walimwita Waya. Alikuja yadi kutafuta makasha ya redio yaliyotupwa. Akapata teke.

Bosi wa yadi akafika akifoka. "Nani kaweka CD humu? Ile ngozi yake inayong'aa inanichafulia mzigo wote! Toa takataka zako!"

Saga akayapiga maboksi teke.

"Nipe mimi nikutolee," Waya akasema.

"Uzifanye nini?"

"Lolote utakalo."

"Nataka uzivunje. Moja moja. Usibakishe hata moja inayoweza kulia."

"Nitazivunja."

"Apa."

"Haki ya mama yangu mzazi."

Akadanganya hivyo, bila kupepesa. Fundi wa redio havunji kitu kizima, mikono yenyewe inakataa. Na aliyaona macho ya yule msichana, mekundu, yamevimba. Akajisemea, huyu kafiwa, ana hasira, siku akipoa atazililia hizi. Acha nimtunzie.

Kufiwa, alipatia. Baba yake Saga alikuwa amezikwa miezi miwili nyuma. Mjini walimwita Dijei, na hakuna harusi iliyonoga bila yeye. Mtu wa kucheka, suti nyeupe, miwani usiku na mchana. Lakini nyumbani Dijei alikuwa na utaratibu wake. Akitaka kumpiga mke wake, kwanza anakwenda kwenye rafu. Anapitisha kidole taratibu, anachagua CD, anaiweka, anazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Halafu ndio anavua saa ya mkononi. Nje majirani wanaitikia kibwagizo, watoto wanakata viuno uani. Ndani mama anapiga yowe na yowe halifiki hata dirishani. Saga alizijua nyimbo zile kwa majeraha yake. Huu ulitoa jino. Huu ulivunja kidole. Huu mama alizirai, ukarudiwa.

Hayo Waya hakuyajua. Alichojua ni kwamba kifua kinauma na anamtaka aliyekiumiza.

Kesho yake akarudi yadi na beseni moja bovu. Kesho kutwa na ndoo isiyo na mpini.

"Wewe kwenu mnavunja vyombo makusudi?" Saga akamuuliza.

"Vikiisha vya kwetu nitavunja vya jirani. Nipe namba yako nisifilisi mtaa."

Akapewa. Ikawa simu juu ya simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula vumbi la makreti."

"Nikuletee nini?"

"Jilete wewe. Ila usije na lile shati la maua, nyuki watakufuata."

Miezi mitatu ikaenda hivyo. Walikutana getini kwa yadi au kwenye mabenchi ya kituo cha basi. Kibandani kwa Waya Saga hakuwahi kwenda. Alishasema muziki unamkera, na Waya akadhani ni masikio yaliyochoshwa na mashine, kwa hiyo akipokea simu yake anazima redio zote kwanza. Utani wa Saga ulikuwa ngumi za bega. Akicheka, ngumi. Akinuna, ngumi. Waya anarudi kwake bega limevimba, anajikanda maji ya moto huku anatabasamu kama mjinga.

Jumamosi moja Saga akaamua kumshtua. Akavaa gauni la njano la mikono mifupi, viatu vya kamba, akajipaka wanja mbele ya kioo hadi mama yake akauliza nani anaolewa. Akaingia sokoni mchana kweupe, anapita kati ya wauza mashuka na wauza sufuria, moyo unamdunda kwa raha.

Halafu akausikia.

Kwanza ngoma. Halafu gitaa. Wimbo ule wa mama kuzirai. Ulikuwa unatoka kwenye spika kubwa mbele ya kibanda cha Waya, sauti imefika mwisho, watu wamesimama wanatikisa mabega. Waya mwenyewe, macho amefumba, anacheza huku ana chuma cha moto cha kuunganishia waya mkononi. Nyuma yake ukutani CD za Dijei zimepangwa kwa mstari, zimefutwa vumbi, zinang'aa.

Saga hakukumbuka kuvuka ile njia. Alimpokonya Waya kile chuma kabla hajafumbua macho, akamchoma nacho mkono. Alikigandamiza. Ngozi ikalia kama mafuta. Waya akapiga yowe na yowe likamezwa na muziki, hakuna aliyegeuka. Saga akampiga kichwa cha pua. Damu. Akashika kiti, akakipasulia spika, mara moja, mara mbili, mpaka gitaa likakatika. Hapo ndipo soko likasikia.

"Ulisema utazivunja! Uliapa! Uliapa!"

"Saga, mpenzi, nilikutunzia..."

Ngumi ya mdomo. Wauza sufuria wawili wakamkamata mikono, akawaburuta wote wawili. Gauni la njano lilikuwa limejaa damu isiyo yake. Akamwangalia Waya aliyekaa chini, mkono mmoja usoni, mwingine umejikunja kifuani, akimtazama kwa macho ambayo Saga aliwahi kuyaona. Ni mama yake aliyekuwa na macho yale.

Akachomoka, akakimbia.

Waya alipiga simu mara tisa siku ile, midomo imevimba, hata angepokelewa asingeeleweka. Hakupokelewa.

Jumatatu asubuhi Saga alinunua shati jipya la maua, akalifunga kwenye karatasi ya zawadi. Mama yake alimkuta mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwomba msamaha mtu."

"Uliyempiga."

Soko lina midomo.

"Fungua nione." Mama akaigusa ile karatasi, akalitazama shati, akakaa kitini polepole. "Una habari mimi nina viatu jozi kumi na moja? Mtaa mzima hakuna mwanamke mwenye viatu kama mimi. Kila jozi ililetwa kesho yake baada ya kipigo, imefungwa karatasi kama hii hii. Na maneno matamu juu."

"Mama, mimi si baba!"

"Sijasema wewe ni baba. Nasema zawadi hii naijua."

"Nilisikia ule wimbo, mama! Ulitaka nifanyeje?"

"Na yeye alikuwa na sababu kila siku. Chumvi. Mlango. Simu." Mama akamvuta mkono, ule wa kulia, akaufungua kiganja. "Nilipokea mimi ngumi ili usipokee wewe. Sikuzipokea ili ujifunze kupiga."

Saga akaanguka sakafuni akalia mpaka akatapika. Mama hakumbembeleza. Alichukua mkoba wake, akavaa ndala badala ya viatu, akatoka.

Waya alimwona mama mmoja mfupi amesimama mbele ya kibanda, kidole kimoja kimepinda. Akajua ni mama yake Saga kabla hajaambiwa. Mama alieleza yote akiwa amesimama, rafu, kitufe, saa ya mkononi. Waya akashika kichwa.

"Mama, nisamehe. Nilidhani ni majonzi tu. Nimeshamsamehe mwanao, mwambie..."

"Ishia hapo hapo!" Mama alimpigia ukelele mpaka muuza mashuka akageuka. "Usimsamehe upesi. Mimi nilisamehe upesi, nikasamehe miaka ishirini na mbili. Unampenda?"

"Nampenda."

"Basi mnyime msamaha wa bure. Mtu mzima umeungua nyama, unasema umeshasamehe! Umesamehe na nini, bandeji?"

Waya akacheka, mdomo ukapasuka tena, akalia. Mama akazipitia CD zile, akachomoa moja. "Hii yangu. Niliinunua mwenyewe nikiwa msichana, kabla sijamjua. Hizo nyingine mwulize aliyezipeleka yadi."

Mchana huo simu ya Saga ililia. Safari hii akapokea.

"Usiseme pole," Waya akatangulia. "Nianze mimi. Uliniambia nivunje, nikaapa, nikakudanganya. Sikukuuliza kwa nini. Hilo kosa langu, na nalijutia."

"Waya..."

"Bado. Ukininyanyulia mkono tena, hata ngumi ya bega ya utani, naondoka. Sitarudi kuuliza sababu. Nakupenda, Saga, lakini nakuogopa. Nimelala nikiwa nimefunga mlango kwa komeo kwa ajili yako."

Alikuwa kazini, yadini. Mashine ilikuwa imezimwa na wenzake wote wanamtazama.

"Nimesikia," Saga akasema. "Kila neno."

"Jumamosi njoo tuamue hizi CD. Usilete kitu."

Alikuja na ovaroli yake ya kazi, mikono mitupu. Waya alikuwa na bandeji mpaka kiwiko, pua imekaa upande kidogo. Hawakukumbatiana. Akampa nyundo.

"Ulitaka zivunjwe. Vunja. Mimi sitazuia."

Saga akaweka CD juu ya jiwe, akainua nyundo, akashusha. Ikapasuka vipande vinavyong'aa. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne akajikuta anatabasamu, meno yameumana, mkono unataka tena, unataka na ya tano na ya mia. Utamu ule ukamtisha. Akaiweka nyundo chini kama kitu kinachounguza.

"Sitaki," akasema. "Nikizimaliza hivi, mkono utatafuta kingine."

"Sasa?"

"Tuzigawe. Ziachane. Kila moja na nyumba yake."

Wakazipanga mezani. Sokoni kitu cha bure hakikosi watu. Baada ya dakika chache walikuwa wanasukumana. Wa kwanza alichukua mbili, wa pili akataka boksi. Akaja mama mmoja mnene, gauni la zambarau, akaishika CD moja akaikumbatia kifuani.

"Jamani! Hii si ya Dijei? Harusi yangu aliifanya yeye! Nilicheza wimbo huu mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka! Mtu mwema yule, mtaratibu, Mungu amrehemu!"

Saga akasikia damu inapanda masikioni. Ngumi ikajifunga yenyewe chini ya meza. Waya akaiona. Akarudi nyuma hatua moja, bila kujificha, Saga akamwona anarudi.

Ngumi ikafunguka. Vidole vikatandazwa mezani, kimoja kimoja.

"Alimpasua mama yangu mdomo kwa wimbo huo," Saga akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayetaja bei. "Aliufungulia mpaka mwisho ili watu wa nje wasisikie. Mimi nilikuwa chini ya kitanda. Mimi binti yake."

Mama wa zambarau akaishusha CD kutoka kifuani.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Mwambie..." Akaiweka CD mezani taratibu, akaichukua tena. "Nilikuwa na furaha siku ile, mwanangu. Sikujua."

"Najua hukujua. Chukua tu."

Yule mama akaondoka anajifuta macho. Waya akasogea hatua ile ile aliyorudi, akauweka mkono wake wa bandeji mezani kando ya wa Saga, bila kuugusa.

"Hujawahi kumwambia mtu?"

"Nani angesikia?"

"Nataka kukuoa," Waya akasema. "Ila si mwaka huu."

"Na mimi mwaka huu ningekukatalia." Saga akacheka, mkono ukabaki pale pale mezani. "Mwaka ujao uliza tena. Ukiwa umeacha kulala na komeo."

"Samahani, wapenzi," mzee mmoja kwenye foleni akakohoa, CD mkononi, anaigeuzageuza juani. "Hii nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Ina kasoro gani mpaka mnaitoa bure?"

Saga akavuta kiti, akakipangusa.

"Kaa, mzee wangu. Nikwambie."